Acheni Kuitupa Suspensheni ya Kiwanda

Wengi wa wanaong'oa suspensheni ya kiwanda kwenye magari ya misuli ili wakashindane autokrosi wanapoteza pesa. Hiyo si hoja kubwa, pesa ni zao. Shida ni kwamba wanapoteza gari pia, halafu wanawafunza vijana wanaokuja nyuma yao kwamba bila doh ya seti nzima huwezi kuingia uwanjani. Huo ni uongo, na nimechoka kuusikia.

Naandika haya nikiwa Omaha, Nebraska, mwendo wa saa moja hivi kutoka Lincoln. Huko Lincoln ndiko chama cha SCCA hufanyia mashindano yake ya kitaifa ya Solo kila Septemba, kwenye lami ya kituo cha zamani cha ndege za kijeshi. Nina Ford Mustang ya 1966, injini ya V8 ya inchi 289, yaani lita 4.7 kwa hesabu ya nyumbani. Nyuma ina springi za bapa, vile vyuma vilivyopangana kama slesi za mkate, sawa na za pikapu yoyote inayobeba mboga kwenda Marikiti. Mbele ina mikono ya muundo ule ule wa Ford. Na kila wikendi ya mashindano lazima msee mmoja aje kuiangalia kwa huruma, kama ambaye ameenda kuona mgonjwa, aniulize, "Sasa utabadilisha lini?"

Sibadilishi. Na kama wewe unapanga kubadilisha, nisikize kwanza.

Najua uko South B ama Kayole na unajiuliza Mustang inakuhusu nini. Inakuhusu. Shuka Kirinyaga Road, ile wazee bado wanaiita Grogan, utapata vita hivi hivi. Kijana ana Subaru, amenunua koilova mpya kabla hajajua bushi zake zilikufa zamani. Fundi anamwambia, "Buda, gari yako inataka bushi na alaimenti tu." Kijana anaona fundi ni mshamba. Marekani ni stori hiyo hiyo, tofauti ni kwamba huku kijana ana miaka hamsini na kadi ya benki.

Kwa wale hawajui mchezo wenyewe: chukua uwanja mpana wa lami, panga koni za plastiki mpaka zichore njia. Gari moja linaingia, linapinda huku na kule, linatoka, na saa inapima mpaka sehemu ya elfu ya sekunde. Ukigonga koni unaongezewa sekunde 2. Ukikosa geti, raundi hiyo imeenda na maji. Hakuna kugongana bodi, na mara nyingi hutoki gia ya pili. Magari ya misuli, yale ya Marekani ya miaka ya 1960 na mwanzo wa 1970 kama Mustang, Camaro, Chevelle na Barracuda, yana darasa lake linaloitwa CAM, kifupi cha Classic American Muscle. Kanuni za darasa hilo zimelegezwa sana upande wa suspensheni. Tairi ndiyo imewekewa mpaka: lazima iwe ya barabarani, yenye alama ya uchakavu ya 200 au zaidi, ili watu wasije na raba laini za mbio.

Kanuni zikilegea, duka linafunguliwa. Na duka linauza hivi: fremu ndogo mpya ya mbele, mikono mipya, koilova nne, usukani wa raki, na nyuma unatupa springi za bapa unaweka fito na koili. Inafika kwenye maboksi makubwa. Bei ni maelfu ya dola, na hujamlipa wa kuchomelea. Maneno yanayoiuza ni hayo hayo kila mara: kwamba suspensheni ya kiwanda ilibuniwa na watu wasiojua kitu, na haiwezi kupinda kona.

Hapo ndipo naanza kukataa. Wahandisi wa Detroit walijua sana. Walichokuwa wakitengeneza tu si kile wewe unataka.

Fikiria walikuwa na nini mkononi. Tairi za siku hizo zilikuwa za nyuzi mshazari, zenye kuta laini, ambazo hazikuhitaji gurudumu kulazwa ndani ili zishike barabara. Magari mengi hayakuwa na msaada wa nguvu kwenye usukani, kwa hivyo walipunguza kasta ili mama wa watu aweze kuegesha bila kutoa jasho. Kemba, yaani jinsi gurudumu linavyolala kwa juu, waliiweka karibu na sifuri, mara nyingine ikielekea nje kidogo. Pia walitaka dereva wa kawaida akiingia kona kwa kasi, mbele iteleze kwanza, aogope, aachilie mafuta, afike nyumbani akiwa hai. Kwa kazi hiyo walifaulu.

Sasa weka tairi ya kisasa ya radiali juu ya vipimo hivyo. Gari linaegemea upande, gurudumu la nje linalala nje, tairi inakanyaga kwa ukingo wake tu. Dereva anasikia mbele inasukuma, koni inaruka, anarudi akisema suspensheni ni takataka. Lakini takataka iko wapi? Umevaa viatu vipya juu ya vipimo vya babu yako. Rudisha kemba ndani digrii moja na nusu au mbili, ongeza kasta mpaka digrii tatu au nne, kisha uje tuongee. Kazi hiyo inafanywa kwa spana na vibanzi vya chuma. Haihitaji boksi lolote kutoka California.

Ndiyo, kuna kosa la kweli kwenye jiometri, na sitalificha. Kwenye Mustang za mwanzo, mkono wa juu umefungwa juu mno. Kwenye Camaro za 1967 mpaka 1969, mkono wa juu umekaa kwa pembe ambayo gurudumu likipanda, linalala nje badala ya ndani. Ni kosa lenye madhara. Lakini je, linahitaji kukata pua ya gari?

Jibu lipo tangu 1965. Mustang zilizotoka kwa Carroll Shelby kwa jina la GT350 zilikuwa na mashimo ya mkono wa juu yaliyoshushwa inchi moja. Inchi moja tu! Mashimo mawili kila upande, drili, kipimo cha karatasi, na alasiri moja ya kazi. Huku wanaiita kwa jina la Shelby mpaka leo. Usizidishe inchi hiyo bila kubadilisha kitu kingine, maana bol-jointi itafika mwisho wa safari yake na kukwama. Nyuma, Shelby aliziacha springi za bapa. Aliongeza fito za kuzuia akseli isijikunje wakati wa kukanyaga mafuta, akaweka shokabu za Koni, basi. Gari hilo lilichukua ubingwa wa kitaifa wa SCCA daraja la B Production mwaka 1965, 1966 na 1967.

Kwa Camaro, dawa ni ya aina hiyo hiyo: shusha pointi za mkono wa juu, kama ule mtindo unaobeba jina la Dick Guldstrand, au weka bol-jointi ndefu zaidi ambazo zinabadilisha pembe bila kukata chochote. Kuhusu nyuma, kampuni yenyewe ililiona tatizo la akseli kurukaruka, na kwenye modeli za 1968 ikazipanga shokabu moja mbele ya akseli na nyingine nyuma. Mwaka huo huo Mark Donohue, akiendesha Camaro ya Roger Penske, alishinda mbio 10 kati ya 13 za Trans-Am. Akseli ilikuwa moja ngumu, juu ya springi za bapa. Bila shaka kina Penske walikuwa na ujanja mwingi mwingine. Lakini ujanja wao ulikaa juu ya msingi ambao leo unaambiwa hauwezi kupinda koni kwenye maegesho.

Na kuna Pontiac. Trans Am ya 1970 ilitoka kiwandani na stabilaiza nene mbele na nyuma. Mmoja wa wahandisi waliokuwa nyuma ya gari hilo ni Herb Adams, aliyeshikilia kwamba springi ziwe za wastani ili gurudumu lifuate barabara, halafu stabilaiza ndiyo izuie mwili usilale. Hapo unapata gari linalokaa wima kwenye kona na bado halikuvunji mgongo ukienda sokoni. Jaribu kumwambia hivyo msee aliyefunga koilova ngumu kama jiwe kwa sababu ngumu inaonekana ya mbio. Uwanja wa Lincoln ni zege na lami yenye viungo na matuta madogo. Gari gumu kupita kiasi linaruka juu ya matuta hayo, na tairi iliyo hewani haishiki kitu.

Sasa niwape wapinzani haki yao, kwa sababu wana hoja.

Wanasema usukani wa raki una majibu ya haraka kuliko boksi la zamani. Kweli. Lakini boksi lenye uwiano wa haraka linapatikana, linakaa kwenye mashimo yale yale, na halibadilishi urefu wa fito za usukani. Raki iliyowekwa vibaya inafanya magurudumu yajigeuze yenyewe kila gari likipanda na kushuka. Kwenye mteremko wa koni hutaki gurudumu lenye maoni yake.

Wanasema koilova unairekebisha kwa kuzungusha. Kweli pia. Swali langu ni nani anazungusha, na anajua anatafuta nini? Tena kuna jambo ambalo tangazo halilisemi. Kwenye gari nyingi za aina hii, mahali shokabu ya nyuma imefungwa palitengenezwa kubeba shokabu tu. Uzito wa gari ulibebwa na springi, mahali pengine, kwenye chuma kinene. Ukihamishia uzito wote kwenye koilova, karatasi ile ya bati inaanza kubeba mzigo ambao haikuajiriwa kuubeba. Seti nzuri zinaleta chuma cha kuimarisha. Zile za bei ya chini zinaleta stika.

Wanasema raba za kiwanda ni laini, weka bushi ngumu za poli. Polepole. Kwenye Chevelle ya 1964 mpaka 1972, akseli ya nyuma inashikwa na fito nne, mbili zikiwa za mshazari. Akseli ikilala upande mmoja, fito hizo lazima zijipinde kidogo kwenye bushi zake. Raba inaruhusu. Poli kwenye ncha zote inakataa, na inapokataa, nyuma inashika, inashika, halafu inaachia ghafla. Msee anajikuta anaangalia alikotoka. Halafu anasema springi ni mbaya, ananunua springi.

Hoja yao moja naikubali bila kubishana: kama gari limeliwa na kutu mpaka fremu ya mbele haishiki boliti, weka mpya, na kama utanunua mpya, nunua nzuri. Huyo simlaumu. Huku Nebraska chumvi ya barabara wakati wa theluji inakula chuma kama mchwa. Ninaowalaumu ni wale wanaong'oa kitu kizima.

Sitaki pia watu wa jumba la makumbusho wanidhanie mwenzao. Kuna kundi lingine huku ambalo ukitoboa shimo kwenye Mustang wanafanya matanga. Kwao kila boliti lazima iwe na alama ya mwaka wake, na gari linasafiri kwa trela likifunikwa blanketi. Ninaposema suspensheni ya kiwanda, namaanisha muundo wa kiwanda uliosahihishwa: mikono, springi, bushi na shokabu zinazokaa kwenye mashimo yale yale, zikiwa na vipimo bora. Shelby alitoboa. Toboa na wewe. Lakini jua kwa nini unatoboa.

Hesabu inayonifanya nipandishe sauti ni ya dakika. Kwenye siku ya mashindano unapata raundi nne mpaka sita. Chukua tano, kila moja sekunde 50. Hiyo ni dakika 4 na sekunde 10. Ukihudhuria mara kumi kwa msimu, na hiyo ni bidii, umeendesha kwa dakika 42 hivi mwaka mzima. Dakika 42! Mechi ya mpira haijafika mapumziko. Huo ndio muda wote ulio nao wa kujifunza gari lako linasema nini.

Ukibadilisha kitu kimoja, tuseme kemba, halafu ukaendesha raundi tano, utajua kemba imefanya nini. Ukibadilisha stabilaiza wiki nyingine, utajua hiyo nayo. Ukibadilisha fremu, mikono, springi, shokabu, usukani na akseli kwa mkupuo mmoja, huna lolote la kulinganisha. Gari limekuwa geni, na wewe umekuwa mgeni ndani yake. Likisukuma mbele, utagusa wapi? Vifundo vinane vya kuzungusha, na dakika 42. Utaishia kumpigia simu muuzaji, na muuzaji, bila shaka, ana kitu kingine cha kukuuzia.

Namjua jamaa mmoja, mkarimu, fundi mzuri wa umeme. Alikuwa na Camaro iliyotembea. Ilikuwa inasukuma mbele kama zote, lakini alikuwa anakuja nayo kila mara akicheka. Akaambiwa aifanye "sawasawa." Akaagiza seti kutoka kampuni ambayo siitaji. Vipande havikulingana na gari lake, mengine yakaja baada ya miezi, bajeti ikaisha kabla ya breki. Huu ni msimu wa tatu Camaro iko juu ya stendi, haina pua, na yeye haji tena hata kutazama. Mchezo umempoteza dereva, na mitaani kuna gari moja la 1968 limepungua. Hii ndiyo hasara ninayoizungumzia. Haipimwi kwa sekunde.

Na vijana wanaona. Kuna kijana wa kazini anataka kuanza na Nova ya babu yake. Amesoma, ametazama video, amefikia uamuzi kwamba hawezi kushindana kabla ya kupata dola elfu kumi na tano. Nilimwandikia orodha kwenye karatasi ya risiti. Kwanza, hakikisha bol-jointi na bushi ni nzima na breki zinashika pande zote sawa. Pili, tairi nzuri za 200. Tatu, alaimenti ya kisasa. Nne, shokabu za maana. Tano, stabilaiza ya mbele. Sita, mkanda na kiti kinachokushika, maana huwezi kuendesha ukiwa umening'inia kwenye usukani. Baki zote ni ada ya kuingia na petroli. Aliisoma akaniuliza, "Na suspensheni?" Nikamwambia hiyo ndiyo suspensheni.

Sisi tuliotoka nyumbani tulipaswa kuwa wa kwanza kulielewa hili. Pasaka ya 1964 kampuni ya Ford ya Marekani ilileta timu ya Mercury Comet kwenye Safari Rally ya Afrika Mashariki, kwa pesa na matangazo ya kutosha. Comet na Mustang ni ndugu: zote zilizaliwa kwenye msingi wa Ford Falcon, na springi ya mbele ikiwa imekaa juu ya mkono wa juu, vile vile ilivyo kwenye gari langu. Comet nyingi hazikumaliza. Aliyeshinda mwaka huo ni Peter Hughes na msomaji ramani wake Billy Young, kwenye Ford Cortina GT ndogo, springi za bapa nyuma. Mwaka uliofuata akashinda Joginder Singh na ndugu yake Jaswant kwenye Volvo PV544, gari la umbo la mzee hata kwa siku hizo. Sisemi suspensheni ndiyo iliyowaangusha Wamarekani. Matope ya Safari yalikuwa na mbinu nyingi za kumwangusha mtu. Nasema waliotangulia walikuwa na magari ya kawaida waliyoyaelewa mpaka kwenye boliti, na Joginder alikuwa fundi kabla ya kuwa bingwa.

Ule ndio urithi wangu. Grogan hakuna anayeng'oa kitu kizima. Fundi anaweka sikio, anatingisha gurudumu kwa mkono, anakwambia upande gani umelegea, anarekebisha hapo. Tuliambiwa huo ni umaskini. Nimevuka bahari nikakuta watu wenye kila kitu ambao hawajui kutingisha gurudumu, na nikaelewa kwamba ilikuwa elimu.

Kwa hivyo wewe mwenye kadi mkononi na ukurasa wa duka umefunguka, nina maswali matatu. Kemba yako ya mbele ni digrii ngapi leo? Shokabu zako zina umri gani? Raundi yako ya mwisho, gari lilisukuma wakati wa kuingia kona, katikati, ama wakati wa kutoka? Ukiwa na majibu, na majibu hayo yanaonyesha kwamba muundo wa kiwanda umefika mwisho wake, nunua, na mimi nitakuja kukusaidia kubeba maboksi. Kama huna, rudisha kadi kwa mfuko, piga gari jeki, uingie chini na tochi.